Kabla hujaitisha mkutano Yaeda

Juzi nimemsikia tena afisa mpya, kijana mwenye bidii ninayempenda sana, akishuka garini Bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania, na kuuliza chifu wa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa huko, yuko wapi. Hakuna chifu. Wadogo zangu, kila mwaka tunaanza na swali hilohilo, na kila mwaka wenyeji wanatujibu kwa subira kubwa. Mimi subira imeniishia, ndiyo maana naandika.

1. Akidi si ridhaa. Hili linaniuma hadi leo. Tulikuwa tunaandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi katika kijiji ambacho Wahadzabe ni wachache kuliko wakulima na wafugaji. Mkutano Mkuu ulijaa, mtendaji akasoma muhtasari, mikono ikanyooshwa. Wahadzabe waliofika walikuwa wanaume wachache wanaojua Kiswahili. Walikaa nyuma, hawakusema neno, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba wameafiki. Mhadzabe asiporidhika mara nyingi habishani, huondoka zake. Wakaondoka.

Kiangazi kilipoingia, ng'ombe wakafika kwenye eneo tulilolipaka rangi ya malisho kwenye ramani, na hapo ndipo wanawake walipokuwa wakichimba ekwa, mizizi ya porini inayoliwa. Bibi mmoja akatutembeza juani, akigonga ardhi kwa mti wake wa kuchimbia: hapa ilikuwepo, hapa, na pale. Hakupandisha sauti. Hatukuwa tumemuuliza mwanamke hata mmoja, ilhali mizizi ile ndiyo inayowavusha nyama na asali zikiadimika. Ikabidi kuanza upya, na wafugaji wa Kidatoga nao tukawakosea, maana tuliwapa malisho kwa maandishi kisha tukarudi kuyadai.

Kwa hiyo nendeni kambi kwa kambi, mfuateni wanawake porini wakichimba, ndipo mfungue ramani.

2. Mkalimani atoke kambini. Kihadza hakina undugu na Kiiraqw wala Kidatoga, kwa hiyo jirani mwema hatoshi.

3. Isomeni hati kabla ya kubuni mradi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu kundi zima kumiliki ardhi kimila, na kwa njia hiyo Wahadzabe wa Yaeda walipata hati yao mwaka 2011. Fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kuutunza msitu unaohifadhi hewa hiyo, zinazolipa walinzi wa msitu na kusaidia shule na matibabu, zinasimama juu ya hati hiyo na mpango wa ardhi. Halafu anakuja mtu na majembe na mbegu za mahindi, eti maendeleo! Shamba litatoka wapi kama si kwa kufyeka mibuyu na vichaka vinavyowalisha na kuwalipa? Niliwahi kuona majembe ya namna hiyo yakikabidhiwa kwa hotuba na makofi. Msimu uliofuata yalikuwa yameuzwa, na mwandishi wa mradi akalalamika kwamba watu hawa hawasaidiki. Nilimjibu kwa ukali, na ningemjibu hivyohivyo leo. Mkitaka kusaidia, anzeni na posho za walinzi zinazochelewa na mipaka inayovukwa.

4. Epeme, ngoma takatifu ya Wahadzabe, huchezwa usiku usio na mbalamwezi. Msiombe ichezwe mchana kwa ajili ya picha za ripoti. Mfadhili akitaka kuiona, mwambieni hapana, na mmwambie ninyi wenyewe, msimwachie mwenyeji kazi hiyo.