Mama wa Tawi Anajibu: Hoja Yetu Imetupwa Kwenye Mengineyo

*Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo. Hapa kwetu wenzetu wasio wanachama wanakatwa ada ya uwakala, lakini fedha yote inaingia mfuko mkuu wa chama na hairudi. Tawi liliandika hoja ya kubadili katiba: "Makao makuu yaangalie namna ya kurudisha sehemu ya ada ya uwakala matawini." Mkoa uliipitisha. Sasa kabrasha la Mkutano Mkuu limefika, hoja haimo kwenye marekebisho ya katiba. Imewekwa kwenye Mengineyo, kipengele cha mwisho cha ajenda. Mwenyekiti wa mkoa ananiambia nitulie, itajadiliwa tu. Nifanyeje?*
Mjumbe, Morogoro

Marahaba mwanangu. Usitulie hata kidogo. Mengineyo hufikiwa jioni, wajumbe wa mbali wameshabeba mabegi na wengine wako mlangoni wanamsaka mhasibu wa nauli. Utapewa dakika mbili, kisha utasikia: "Tumelipokea, Kamati ya Utendaji italifanyia kazi." Hapo ndipo hoja nyingi nzuri za matawi zilipozikwa, na wenye hoja wakarudi nyumbani wakiamini wamesikilizwa.

Kuna ubaya mwingine. Katiba za vyama vyetu kwa kawaida zinataka marekebisho yapelekwe kwa maandishi ndani ya muda uliopangwa, na yapite kwa theluthi mbili. Jambo lililoletwa chini ya Mengineyo haliwezi kubadili kifungu, hata ukumbi mzima ukisimama kulishangilia.

Kwa hiyo leo hii fungua katiba iliyosajiliwa kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi, si ile nakala iliyochakaa kwenye droo ya ofisi ya tawi. Soma kifungu cha marekebisho taratibu: nani ana haki ya kuleta hoja, siku ngapi kabla ya mkutano, na theluthi mbili ya nani. Hilo la mwisho watu wanalipita mbio. Tuseme wajumbe halali ni 120, na kura inapigwa wakiwa wamebaki 90. Ikiwa ni theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura, unahitaji 60. Ikiwa ni theluthi mbili ya wajumbe wote, unahitaji 80, na hapo kila anayewahi basi la jioni amekupigia kura ya hapana bila kufungua mdomo. Asiyekuwepo na lake halipo. Waambie wenzako wa mkoa wakae mpaka mwisho.

Kama mliwahi ndani ya muda, mwandikie Katibu Mkuu barua, ambatisha muhtasari wa kikao cha tawi na wa mkoa, na upate muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Nakala baki nayo. Asipojibu, nafasi yako iko asubuhi, mwenyekiti anapouliza kama wajumbe wanathibitisha ajenda. Wengi huitikia "tunathibitisha" huku wakitafuta kalamu. Wewe simama: "Ndugu Mwenyekiti, kuhusu utaratibu. Hoja ya Morogoro ililetwa ndani ya muda wa kikatiba, barua ya kupokelewa ninayo. Naomba ihamishiwe kwenye marekebisho ya katiba." Awepo mjumbe wa mkoa mwingine wa kukuunga mkono, mliyekubaliana naye tangu jana yake. Ajenda ikishathibitishwa, kuirudia ni shughuli pevu.

Sasa niseme juu ya hoja yenyewe, maana imeniuma. "Yaangalie namna ya kurudisha sehemu" haimbani mtu yeyote. Makao makuu yataangalia, na mwaka ujao yataendelea kuangalia. Nanyi mnaomba kitu ambacho sheria imeshawapa! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inasema ada ya uwakala iwekwe kwenye akaunti yake tofauti, na itumike tu kuendeleza au kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali pale pa kazi. Si mfuko wa semina wala wa magari. Huyo asiye mwanachama anakatwa bila kuomba, kwa sababu chama chenye wengi kinajadili mshahara wake pia. Deni letu kwake ni kwamba fedha yake imtetee yeye na wenzake wa kiwanda hicho.

Kama muda wa kurekebisha maneno haujapita, andikeni hivi: "Ada ya uwakala itawekwa katika akaunti ya pekee na itatumika kwa wafanyakazi wa eneo la kazi ilikokatwa, na taarifa ya mapato na matumizi itasomwa tawini kila mwaka." Ukishaandika "itawekwa" na "itasomwa", kuna mtu wa kuulizwa.

Ila msichanganye jambo hili na mgawanyo wa ada za wanachama wenyewe. Huo ni mjadala wa sera na makao makuu wana hoja ya kweli: tawi la watu 40 haliwezi kumlipa wakili wa kusimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wala Mahakama ya Kazi. Mimi binafsi ningewaachia fungu kubwa, mradi nione hesabu zilizokaguliwa.

*Mama, katika mkutano wetu uliopita mwenyekiti alipitisha mabadiliko ya kanuni kwa sauti: "Wanaoafiki waseme ndiyo." Tuliosema siyo tulikuwa wengi, akatangaza ndiyo wameshinda. Safari hii anataka hata viongozi tuwapate kwa kunyoosha mikono, eti kuokoa muda.*
Mjumbe mwanamke, Mwanza

Mwanangu, theluthi mbili haipimwi kwa masikio. Simama kabla hajagonga meza, udai kura zihesabiwe, na udai idadi iandikwe kwenye muhtasari: waliokubali, waliokataa, wasioegemea upande. Akikataa, omba kukataa kwake kuandikwe pia.

Kuhusu viongozi, pigania kura ya siri kwa nguvu zako zote. Nilianza kazi enzi za NUTA, chama pekee cha wafanyakazi kilichoundwa kwa sheria mwaka 1964 baada ya TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika, kuvunjwa. Katibu Mkuu wetu hakuchaguliwa na wanachama, aliteuliwa na Rais wa nchi. Tukaja JUWATA, Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, mwaka 1978, iliyokuwa chini ya Chama tawala, na mpaka miaka ya 1990 ndipo tulipoanza kusimama na vyama vyetu wenyewe. Haki ya mfuma nguo kumchagua anayemsemea haijatukalia muda mrefu hivyo. Ukinyoosha mkono mbele ya katibu anayepanga majina ya safari na semina, unachagua ukiwa umetazamwa. Nusu saa ya kuhesabu karatasi ni ndogo mno. Hakikisheni tu waangalizi wa kila mgombea wanaliona sanduku likiwa tupu kabla ya kura ya kwanza kuingia.

*Mkutano wetu umepitisha katiba mpya yenye kipindi kirefu cha uongozi. Viongozi wanasema inaanza palepale, kwa hiyo uchaguzi wa mwaka huu haupo. Ni kweli?*
Mwanachama, Tanga

Si kweli. Kwa Tanzania Bara, mabadiliko ya katiba yanapelekwa kwa Msajili pamoja na azimio na cheti kilichosainiwa na katibu kuthibitisha kwamba utaratibu ulifuatwa, na yanaanza kutumika siku Msajili anapoyasajili. Mpaka hapo katiba ya zamani ndiyo inayowaongoza, na uchaguzi wake upo. Ulizeni kwa maandishi kama usajili umefanyika na lini. Wakikaa kimya, tumieni kwanza ngazi za rufaa za ndani ya chama, maana Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi itawauliza hilo kabla ya kuwasikiliza. Mkiwa mmezimaliza, mwanachama hata mmoja anaweza kuiomba itoe amri katiba ifuatwe. Tunzeni kadi ya mjumbe, kabrasha na orodha ya mahudhurio. Hivyo ndivyo vitakavyoombwa.