Rodi ya 5356 isiende kwenye silinda hedi

Mafundi wengi wa TIG (kuchomelea kwa umeme na gesi) mtaani huwa na rodi za alumini za aina mbili tu, 4043 na 5356. Mteja akileta hedi, yaani kichwa cha injini, yenye ufa, mkono unakimbilia 5356 kwa sababu "ndiyo yenye nguvu". Nguvu inayo kweli, lakini si kwa kazi hii, na hedi ya mtu ni mali kubwa.

5356 ina magnesi (magnesium) karibu asilimia 5. Weld, yaani sehemu iliyochomelewa, yenye magnesi zaidi ya asilimia 3 ikikaa muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi, kutu huanza kuila kimyakimya huku imebeba mzigo, mwisho inapasuka. Maji ya injini hufika nyuzi 90 kila siku! Isitoshe, hedi nyingi humiminwa kwa alumini yenye silikoni nyingi. Magnesi ya rodi ikikutana na silikoni hiyo, weld inakuwa kavu na kuvunjika kirahisi.

Mimi huangalia kwanza kitu kimoja: rodi iwe ya mwisho kuganda. Alumini ikipoa hujivuta sana. Rodi ikibaki laini wakati kingo zimeshakaza, inaufuata ule mvuto bila kupasua chuma cha pembeni. Ndiyo maana kwa A356, alumini ya kumimina yenye silikoni kama asilimia 7, ninaanza na 4043. Kama kifaa kitarudishwa tanuri kupikwa upya ili kipate ugumu wake, tafuta 4010, maana imetengenezwa kufanana na A356 yenyewe.

Kwa miminiko (vifaa vilivyomiminwa) yenye shaba ndani, kama alumini ya 319, rodi ya 4145 inafaa zaidi. Ina silikoni asilimia 10 na shaba asilimia 4, huyeyuka mapema kuliko 4043 na hupunguza nyufa za wakati wa kupoa. Kwa ukuta mwembamba unaovuja mafuta, jaribu 4047. Silikoni yake asilimia 12 inaifanya itiririke vizuri mpaka kwenye pembe. 5356 itunzie miminiko ya alumini yenye magnesi, kama baadhi ya vifaa vya boti.

Utajuaje umeshika alumini gani? Safisha uchafu, utafute alama iliyomiminwa ubavuni: A356, AC2B, ADC12. Usipoiona, chomelea mstari mfupi mahali pasipo na kazi, uache upoe, kisha uukague kwa rangi ya kupenya nyufa. Ukipasuka katikati, badilisha rodi kabla hujagusa ufa wenyewe.

Rodi sahihi haiokoi chuma chenye mafuta. Miminiko ya injini hunyonya oili kwenye vitundu vyake, kwa hiyo osha, pasha moto taratibu mpaka moshi uishe, futa, rudia. Chimba ufa kwa biti ya kabaidi, si kwa jiwe la grainda linaloacha mchanga wake ndani, na toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa.

Kava za giaboksi za ADC12 zina tatizo lao. Alumini ilisukumwa kwenye moldi kwa shinikizo ikanasa hewa, na ukiyeyusha, hewa hiyo inatoka ikichemka na kuacha matundu. Mweleze mteja hivyo kabla ya kupatana bei, na kama kava ya mtumba inapatikana, mshauri anunue hiyo.