Kujiambia "mimi ni bora" kila asubuhi, mbona najiona hovyo zaidi?

Mkuu nimekuelewa, unasimama kwenye kioo kila asubuhi unajiambia "mimi ni bora, mimi napendwa", umeenda nayo muda tu na bado unajiona hovyo, siku zingine unatoka pale kiooni umechoka kuliko ulivoingia, sasa unauliza kama tatizo ni wewe. Na ukauliza pia kuhusu yule rafiki anayekutania mbele za watu, ntafika huko.

Tatizo sio wewe. Mwaka 2009 Joanne Wood, mtafiti wa saikolojia chuo kikuu cha Waterloo kule Kanada, na wenzake walilipima hilo hilo, watu wakawa wanajirudia sentensi kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wanajikubali tayari walijisikia vizuri kidogo. Wale wanaojidharau wakaishia kujisikia vibaya kuliko wenzao wa aina hiyo hiyo ambao hawakuambiwa waseme kitu. Ukifikiria inaeleweka kabisa, ukisema "napendwa" kuna sauti ndani inadakia "na nani?" alafu inaanza kukutolea ushahidi mmoja mmoja, yule alikuacha, yule hapokei simu zako. Yaani umeamsha kesi ambayo ilikuwa imelala.

Mimi nilikuwa huko na kilichonitoa sio kioo, ni sifa. Nilikuwa mtu wa kukataa sifa, ukiniambia kazi yako safi nakujibu "aah bahati tu, alafu sehemu kubwa kafanya fulani". Kuna dada kazini, kanizidi umri, siku moja kanisifia ripoti nikaleta yale yale, akaniangalia akasema "kwahiyo mimi niliyeisoma yote ndo sijui kusoma?" Alisema bila kucheka. Nilibaki kimya sababu kweli nilikuwa namwambia hivo, kwa adabu tu. Toka hapo jibu langu likawa "asante, nashukuru umeiona" kisha nafunga mdomo. Hapo kwenye kufunga mdomo ndo penye kazi sasa, ulimi unawasha, unataka kuongezea ka "lakini" kadogo. Usiongeze.

Baadae nikaja kugundua jinsi nilivokuwa natumia mizani mbili. Lawama inapita getini bila kuulizwa, sifa inaombwa kitambulisho. Mtu mmoja akinuna kwenye kikao nakesha nayo, watu watano wakishukuru nasahau kabla ya kufika nyumbani. Kwahiyo sikuhitaji kujipaka mafuta, nilihitaji kukagua vyote sawa. Lawama nayo iulizwe, nani kasema, kuhusu kitu gani hasa, kuna ukweli kiasi gani. Ikiwa na ukweli narekebisha hicho kitu kimoja, sio utu wangu mzima.

Alafu hilo neno "bora" mimi ningelitupa. Kipimo maarufu cha kujithamini, kile cha mtafiti Morris Rosenberg cha 1965, kina sentensi 10 na hakuna hata moja inayouliza kama wewe ni bora kuliko wengine, kuna inayouliza kama una thamani angalau sawa na wenzako. Sawa tu! Anayelazimika kuwa juu ya watu kila siku ndo huyo anayeumia akikutana na aliyemzidi, na wa kumzidi hawaishi, fungua simu yako uone.

Kingine angalia thamani yako umeitundika wapi. William James, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu 1890 alisema kujithamini ni mafanikio ukigawanya kwa yale unayodai uwe nayo, akatoa mfano wake mwenyewe, yeye anaona aibu akizidiwa saikolojia, ila Kigiriki hajui kabisa na analala usingizi. Mimi yangu niliitundika kwenye kazi peke yake, mkataba ulipoisha nikaisha nao. Saivi kuna watu wangu, kuna kukimbia, kuna vitu navifanya vibaya na havinisumbui (naimba, majirani wanisamehe). Huwa bado nashuka, ila sifiki chini kabisa.

Ila kama hii hali imechukua wiki kadhaa, usingizi hakuna, hamu ya kula hakuna, unawaza bora usingekuwepo, hiyo sio ya kujadili na mimi, inaweza kuwa sonona (depression), nenda kwa daktari au mshauri na usisubiri.

Sasa huyo rafiki. Usimjibu mbele za watu, atasema huna utani. Mtafute mkiwa wawili, mtajie utani wenyewe, "ile ya juzi kuhusu mwili wangu sikuipenda, usirudie", bila kuanza na samahani. Akiwa rafiki ataona aibu kidogo na yataisha. Akicheka tena au akikuita mlaini basi punguza kukaa nae, na huna haja ya kumtangazia.