"Reconvene" si kila kukutana tena

Mkuu, umeuliza kama "reconvene" ni sawa na "meet again", maana barua pepe ya ofisini kwenu hapo Posta imesema "We will reconvene at 2 pm". Maana zinagusana, ila hazilingani. "Reconvene" inataka kwanza kiwepo kikao kilichoanza, kikasimama kwa mapumziko au kikaahirishwa. Wajumbe wakirudi kukiendeleza, hapo ndipo neno linapokaa. Asili yake ni Kilatini, kuja pamoja, na ile "re-" ndiyo tena. Kwa hiyo "reconvene again" ni tena juu ya tena, labda kikao kiwe kimekatika mara mbili kweli.

Tafsiri nzuri tunayo. Taarifa rasmi za Bunge letu, likisitishwa mchana na kuendelea jioni, huandika "Bunge lilirudia". Fupi, na halihitaji "kukutana". Kwenye muhtasari wa kikao cha kawaida, "kikao kilirejea" inatosha.

Kisarufi, kitenzi hiki husimama bila yambwa, yaani kitu kinachotendwa: "The committee reconvened on Monday". Pia huchukua yambwa: "The chairperson reconvened the meeting". Wengi huteleza kwenye "I will reconvene with you", wakimaanisha nitakuona tena. Hapana, linalo-"reconvene" ni kundi lenye ajenda. Ukiagana na rafiki kituo cha daladala Mbagala ukamwambia "let's reconvene", atacheka, na Waingereza nao huitumia hivyohivyo kwa utani. Ndugu waliopotezana ni "reunite". Wapenzi waliorudiana ni "get back together". "Resume" huelekea zaidi kwenye shughuli: watu "reconvene", mjadala "resumes".

Matamshi: mkazo uko mwishoni, ri-kon-VIIN. Ndimi zetu zimezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kisha tunabandika irabu, inatoka "rikonvini". Kwenye maandishi kosa ni "reconvine". Sahihi ni "-vene".

Halafu hiyo 2 pm ni saa nane mchana. Ukiwatafsiria wenzako kwenye grupu la WhatsApp "tutarejea saa 2", kuna atakayefika kesho asubuhi na daftari lake.