Kaka aliyeumia kichwa: kundi litamsaidia?

Pole sana dada. Kaka yako alianguka na bodaboda, miezi minane imepita, anatembea vizuri ila anasahau, anafoka, na anasisitiza hana tatizo. Unauliza kama kukaa na wagonjwa wenzake kutamsaidia.

Ndiyo, tena hilo la kukana tatizo ndilo kundi hulishughulikia vizuri kuliko ninyi nyumbani. Si ukaidi. Jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo linaweza kumnyima mtu uwezo wa kuona makosa yake. Ukimwambia amesahau, anasikia lawama. Akiambiwa na mwenzake mwenye jeraha kama lake, mara nyingi husikiliza.

Ulizeni kliniki ya MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, au mtaalamu wa tiba kwa vitendo (anayemfundisha upya shughuli za kila siku) anayemhudumia, awaunganishe na wengine. Watu sita hadi wanane wanatosha, wakiwa na wasimamizi wawili. Kaeni asubuhi kabla ya joto, dakika 40, kisha mapumziko, maana ubongo ulioumia huchoka upesi na uchovu huzaa hasira. Redio izimwe, aongee mmoja mmoja, ratiba iwe ubaoni.

Kila mmoja awe na daftari na lengo la maisha halisi: aende dukani na shilingi 10,000, anunue vitu vitatu, arudi na chenji sahihi. Hapa ndugu huharibu kwa huruma, wanamfanyia kila kitu. Mwacheni ajaribu, akosee, kisha kundi lichambue alipokwama.

Kama anatumia dawa za degedege, asiache bila daktari, pombe asiguse. Akianza kutapika, kusinzia kupita kiasi au kuumwa kichwa kunakozidi, hospitali siku hiyohiyo.