Usiilaumu Pampu Kwanza

Ndege yetu ndogo tuliijenga wenyewe, mimi na shemeji yangu, katika banda la mabati nje kidogo ya Mombasa. Kuijenga kulituchukua miaka. Miguu yake, ile yenye magurudumu inayokunjwa angani, nayo ikataka kunimaliza.

Dalili ilikuwa hii: tukisharuka na kukunja miguu, taa ya pampu ya haidroliki inazima kama kawaida, halafu baada ya dakika tatu hivi inawaka tena. Inazima, inawaka. Katika ndege nyingi za aina hii miguu haishikwi juu kwa ndoano bali kwa presha ya mafuta tu; presha ikishuka, swichi huiamsha pampu. Pampu ikiamkaamka, basi presha inatoroka mahali. Mimi nikaagiza pampu mpya Marekani, nikalipa bei yake, nikalipa na ushuru, nikaifunga. Taa ikaendelea kunikonyeza.

Aliyenifumbua macho si mtu wa ndege. Ni mzee mmoja wa Shimanzi, fundi wa foklifti. Alinisikiliza huku akimalizia kahawa yake, kisha akauliza, "Mwanangu, mafuta yamwagika chini?" Nikamwambia hata tone hakuna, mzee wangu. "Basi yapita ndani. Tazama pistoni."

Alivyonielekeza ndivyo nifanyavyo hadi leo. Ndege iwe imara juu ya jeki. Kunja miguu, kisha kata umeme wa pampu kabisa, asije mtu akaigusa swichi. Chagua silinda moja, lile bomba ambalo pistoni yake huukunja na kuushusha mguu, fungua hosi ya upande wa kushushia, izibe, na uweke chupa chini ya tundu la silinda. Upande wa kukunjia bado una presha. Mafuta ya mwanzo ni mabaki tu. Yakikoma, sili ya pistoni, ule mpira unaozuia mafuta yasipenye upande wa pili, ni nzima. Yakizidi kudondoka, mwizi umempata. Mtu asikae kwenye njia ya gurudumu, maana presha ikiisha mguu hushuka bila hodi. Wala usipapase hosi yenye presha kwa kidole: mafuta ya paundi 1,000 kwa inchi ya mraba hupenya ngozi. Pitisha kipande cha katoni.

Mwizi wetu alikuwa silinda ya kushoto. Sili yake ilikuwa imevimba na kulegea kama embe lililopitiliza. Hapo ndipo shemeji akakumbuka kwamba siku moja aliongezea mafuta ya breki ya gari, DOT 4, "si yote ni haidroliki?" Si yote, shemeji. Mafuta mekundu ya ndege, yale yenye namba 5606, hutokana na mafuta ghafi, na sili zake huwa za mpira wa nitraili. Mafuta ya breki ya DOT 4 ni ya glaikoli, nayo huuharibu mpira huo. Tulimwaga yote, tukaosha mabomba, tukabadilisha kila sili na kila hosi, maana zilizobaki nazo zilikuwa njiani.

Huku kwetu pwani kuna adui mwingine, chumvi. Fimbo ya pistoni ikishaota vishimo vya kutu, hata ukiweka sili mpya italiwa upesi. Mimi huifuta kwa kitambaa chenye mafuta yaleyale kila tunaporudi. Na tepu nyeupe ya mafundi bomba iache jikoni. Nyuzi zake hukatika zikaenda kukwama kwenye vali. Viungo vya mabomba ya ndege vina mdomo wa digrii 37, vya magari mara nyingi 45. Vitaingiliana, ila vitavuja.

Ukiwa bado kwenye jeki, jaribu kushusha miguu kwa vali ya dharura, ile inayoachia presha ili miguu ishuke yenyewe, pampu ikiwa imezimwa. Sisi tulifaulu, tukapeana mikono, ila tulisahau upepo: gurudumu letu la mbele hushuka likielekea mbele, na angani hewa hulisukuma nyuma. Linalolisaidia ni shoki ya gesi, kama ile inayoinua buti ya gari. Tukafunga kamba na mzani wa samaki kwenye gurudumu, nikalivuta nyuma nikiwa nimesimama mbali huku shemeji akifungua vali. Likakataa kujifunga mara mbili. Tulipoweka shoki mpya likajifunga kwa kishindo.