Ligawe kovu tatu tatu kabla hujaunga

Ukianza kazi ya biolojia sintetiki utakabidhiwa vichupa vya DNA vyenye majina kama namba za gari: J23100, B0034, E0040, B0015. Cha kwanza ni promota, inayowasha jeni. Cha pili ndipo ribosomu, mashine ya seli inayotengeneza protini, hushika. Cha tatu ni jeni ya protini inayong'aa kijani, na cha nne husimamisha unakili wa jeni. Vipange hivyo ndani ya bakteria E. coli, utaona kijani.

Mfumo huu wa kuunga vipande, uitwao BioBrick, aliuasisi Tom Knight wa MIT, mwaka 2003. Kila kipande kina mbele yake sehemu za kukatwa na vimeng'enya EcoRI na XbaI, na nyuma SpeI na PstI. XbaI na SpeI huacha ncha zinazofanana, CTAG, kwa hiyo hushikana. Zikishashikana, hakuna kati yao kinachoweza kukata tena pale. Unaongeza kipande kingine bila kubomoa kazi ya jana. Mpaka leo naona huu ni werevu mkubwa.

Ila mshono huo huacha kovu la herufi nane za DNA: TACTAGAG. Baada ya promota, si neno. Mimi nililiacha katikati ya protini mbili nilizotaka ziwe moja, ya kijani mbele, kimeng'enya nyuma. Bakteria wakang'aa, nikaamini nimemaliza. Wiki tatu nikahangaika na kimeng'enya kisichofanya kazi: nikabadilisha joto, chumvi, bafa. Hadi siku niliposhika penseli nikaligawa kovu tatu tatu: TAC, TAG. Ribosomu husoma herufi tatu tatu, kila tatu ni kodoni moja, na TAG ni kodoni ya kusimama! Ribosomu ilikuwa ikiishia pale pale. Kimeng'enya hakikuwahi kutengenezwa.

Ukitaka kuunga protini, tumia RFC 25, kanuni nyingine ya kuunga, ambayo kovu lake ACCGGC husomeka kama amino asidi threonini na glisini, au njia ya Golden Gate kwa kimeng'enya BsaI, ambako unachagua mwenyewe herufi nne za kuungia. Kwa mfumo wa Knight, kabla hujaagiza jeni tafuta ndani yake GAATTC, TCTAGA, ACTAGT na CTGCAG, maana ndipo vile vimeng'enya vinne hukata. Ukiikuta mojawapo, badilisha herufi moja kwa namna ambayo amino asidi inabaki ileile.

Na daftarini usiandike majina ya vipande peke yake. Andika mfuatano mzima pamoja na makovu. Mimi makovu huyaandika kwa wino mwekundu, na kodoni nazitenga kwa mistari.